Madam Asiyeamini Neno Sawa

Keti vizuri nikueleze habari za mwanamke mmoja ambaye nilimshuku kwa miaka mingi, na hata leo sina hakika kama nimemaliza kumshuku. Usiwe na haraka. Kila jambo nitalieleza mahali pake, na kama kuna neno geni nitalifafanua kabla hatujaendelea.

Tulimwita Madam. Jina lake nalijua, lakini hata kina mama waliomzidi umri walimwita hivyo, nami nitamwacha hivyo. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili karibu na Ishiara, kule kwa Wambeere, ambako jua huanza kazi kabla hujamaliza kunywa chai. Kwetu ni Mitunguu, upande wa Meru, penye mifereji na migomba. Nilipanga chumba katika ploti moja, yaani kiwanja chenye safu ya vyumba vya kupanga, nyuma ya soko, na Madam alipanga vyumba viwili mwishoni mwa safu hiyo hiyo. Kwa hiyo nilimwona asubuhi akifagia, nikamwona jioni akianua nguo, na kati ya asubuhi na jioni niliona mambo yaliyonifanya nimtazame kwa jicho la pembeni.

Kazi yake ilikuwa kuwaandaa vijana walioitwa na vyuo vya Amerika. Walitoka Embu, Chuka, Maua, Kangeta, popote neno lilipofika. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma huko, na alipomaliza akaajiriwa katika ofisi ya chuo inayowaangalia wanafunzi wa kigeni. Kama hujawahi kusikia ofisi ya namna hiyo, ni chumba chenye mshauri mmoja au wawili. Mwanafunzi akitoka ng'ambo anaripoti hapo. Akiumwa, akikosa pa kulala chuo kikifungwa, akishindwa na masomo, akitaka kazi ndogo ya maktaba, anaanzia hapo. Mlango uko wazi mchana kutwa. Lakini mshauri huyo hatakufuata bwenini kukuuliza kwa nini macho yako ni mekundu. Anangoja ubishe hodi.

Nakueleza haya yote kwa sababu mdogo wangu Kanana alipita mikononi mwa Madam, akaenda Amerika, na nusura arudishwe nyumbani kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza. Kwa muda sisi watu wa kwetu tuliamini kuwa Madam ndiye aliyemharibia.

Nianze na vile watu walivyomwona. Swali kubwa pale Ishiara lilikuwa moja: mtu mwenye akili timamu anatokaje Amerika kuja kupanga vyumba viwili nyuma ya soko? Wengine walisema alifukuzwa. Wengine walisema ni mpelelezi, ingawa hakuna aliyeweza kueleza Ishiara kuna siri gani ya kupelelezwa. Na miaka ile, utakumbuka, kila mtu aliyefunga pazia mchana aliitwa mwabudu shetani. Madam alifunga pazia. Zaidi ya hayo hakudai malipo, na hilo ndilo lililomharibia kabisa. Mwenye ploti, Mzee Ireri, aliniita kando siku moja.

"Mwalimu, wewe umesoma. Mtu asiyetaka malipo anataka nini?"

"Labda anapenda watoto wa watu, Mzee."

"Ndiyo hiyo naogopa," akasema.

Madam mwenyewe alitoa majibu tofauti kuhusu kurudi kwake. Mchungaji aliambiwa kuwa baridi ilimshinda. Mama mboga, aliyetuuzia mboga pale sokoni, aliambiwa kuwa Madam alirudi kumtunza mama yake, na ni kweli alikuwa na mama mzee upande wa Siakago. Mimi aliniambia kazi iliisha. Nilipomkumbusha aliyomwambia mchungaji, alinijibu, "Kwani baridi na kazi haviwezi kuisha pamoja?" Ukimsikiliza utaona hapo hakuna uongo, lakini pia hujapewa kitu.

Sasa nikueleze alivyofanya kazi, maana huko ndiko shaka zilikozaliwa.

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mzazi haingii. Kijana anaingia peke yake, pazia linafungwa, mzazi anakaa nje kwenye benchi na jua lake. Fikiria mama aliyetoka Maua na binti yake, amevaa kanga yake ya kanisani, anaambiwa, "Mama, wewe pumzika hapo nje." Wengi hawakurudi. Waliorudi walikaa nje wakitega sikio, na walichokisikia hakikuwatuliza. Walisikia Madam akiuliza swali moja, kimya, kisha akiuliza lile lile tena.

"Umeelewa?"

"Ndiyo Madam."

"Umeelewa nini?"

Kimya.

"Uko sawa?"

"Niko fiti, Madam."

"Hiyo sawa yako ina miguu? Isimamishe itembee niione."

Hilo lilikuwa neno lake. Hakuliamini neno "sawa" hata kidogo. Ukimwambia maji ya mfereji yamekuja sawa, alikwenda kufungua mfereji mwenyewe.

Jambo la pili lilikuwa chai. Kwetu, na hili unalijua, mgeni akikaribishwa chakula hasemi ndiyo mara ya kwanza. Anasema, "Hapana, asante, nimeshiba," hata kama utumbo unapiga kelele. Mwenyeji naye anajua kwamba hiyo ni adabu, kwa hiyo anamimina chai bila kujibu. Mchezo huu tunaucheza tangu utotoni, na kila mtu anajua zamu yake. Basi Madam alikataa kuucheza. Kulikuwa na kijana aliyeitwa Muriuki, mtoto wa mwuza miraa wa Kangeta, mrefu, mwenye haya. Alifika siku ya kwanza na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mlango ulikuwa bado wazi, nami nilikuwa nafua karibu.

"Chai?" Madam akauliza.

"Hapana Madam, asante. Nimeshiba."

"Vizuri." Akajimiminia kikombe kimoja, akafunga thamosi, akanywa polepole akimtazama.

Nilidhani amekosana na familia ya kijana. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Jioni ile nilimwambia kwa upole kwamba mtoto wa watu alikuwa amesafiri toka alfajiri. Alinijibu, "Najua. Na kule anakoenda watamuuliza mara moja tu, na akisema ameshiba wataamini, watarudisha sahani jikoni. Si kwa ubaya. Ndivyo wanavyoheshimu neno la mtu. Nimewaona watoto wetu wakikonda mezani penye chakula." Siku ya tatu Muriuki alisimama mlangoni, akatazama dari, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani, "Madam, nina njaa. Sijala tangu Kangeta." Harufu ya mayai ya kukaanga ilijaa ploti nzima. Muriuki alipotoka akipangusa mdomo na macho kwa mkono ule ule, wale waliokuwa nje wakaulizana amelishwa nini.

Jambo la tatu ndilo lililomleta Mzee Ireri mpaka mlangoni kwangu akihema. "Njoo uone mambo. Njoo uone!" Nilitoka. Msichana mmoja wa Embu alikuwa amesimama nje ya mlango wa Madam uliofungwa, anabisha, halafu anaueleza ule mlango kwa Kiingereza: "Samahani, nina shida, naomba nafasi nizungumze nawe." Anarudi nyuma, anavuta pumzi, anabisha tena. "Nina shida." Madam hakuwa hata ndani ya chumba. Alikuwa ameketi kwenye benchi na kina mama, anachambua ndengu.

"Anaongea na nani?" Mzee Ireri akaninong'oneza.

"Na mlango, Mzee."

"Mlango unajibu?"

"Bado."

Mzee akafanya ishara ya msalaba, na alikuwa mtu wa kanisa ambalo halina ishara ya msalaba.

Leo nalielewa zoezi lile, nami nitakueleza ingawa wakati ule hakuna aliyenieleza. Mtoto wetu hajawahi kubisha mlango wa mkubwa kumwambia ana shida. Shuleni, mimi mwenyewe shahidi, aliyesema "sijaelewa" alijiletea kiboko. Nyumbani shida hupelekwa kwa shangazi, shangazi humwambia mama, mama huchagua saa nzuri ya kumwambia baba. Ukimtoa mtoto huyo ukamweka peke yake penye theluji, hana shangazi wa kumtuma. Madam alitaka mdomo uzoee maneno yale, kama mguu unavyozoea kiatu kipya, kabla ya safari.

Lakini usidhani alikuwa mtu aliyenyooka. Yule aliyefundisha watu kusema shida zao hakusema yake hata moja. Alipougua malaria, nilimsikia akitapika nyuma ya pazia. Nilipobisha alisema, "Niko salama, Mwalimu, nenda shule." Alikaa ndani mpaka mama mboga aliposukuma mlango kwa bega. Aliwafundisha vijana kumtazama mkubwa usoni, na mimi nilimwona akiinamisha macho kama msichana mbele ya ajuza aliyeuza ugoro. Alimcheka mzazi aliyeficha tarehe ya safari ya mwanawe kwa kuogopa watu wenye wivu. Lakini hata yeye ukimuuliza fulani anaondoka lini, alitazama pande zote mbili za ploti na kusema, "Akifika nitakuambia." Alimshuku kila mtu. Aliwahi kuja mtu mmoja wa mjini, suti ya bluu, aliyeahidi kuwapatia vijana viza kwa hakika. Madam alimweka kwenye benchi la jua na kumhoji kama afisa wa ubalozi, jina la chuo, jina la mshauri, mlango wa ofisi unaangalia wapi, mpaka yule mtu akakumbuka ana miadi Embu.

Na mimi? Mimi nilimshuku kwa sababu sikuweza kumweka mahali. Nilipompeleka Kanana kwake, sikumpeleka kwa imani. Nilimpeleka kwa sababu chuo kilikuwa kimemwita na sikumjua mtu mwingine.

Kanana alikuwa mdogo wetu wa mwisho, msichana wa kucheka haraka, aliyefaulu kemia kuliko shule nzima. Mama alikuja naye siku ya kwanza akaambiwa akae nje. Hakusahau. "Huyo mwanamke anamwambia mtoto wangu nini ambacho mimi siwezi kusikia?" aliniuliza njia nzima. Na kweli Kanana alianza kubadilika. Alimwambia baba kwamba viatu vilimbana, mbele ya wageni. Alimwambia mchungaji kwamba hakuelewa mahubiri. Mama alishika kichwa.

Ndiyo maana siku ya maombi ya kumuaga Kanana, majirani wakiwa wamejaa uani na mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, umeshaliwa, mama alisimama akamshika mikono yote miwili. Alisema kwa Kimeru, nami namkumbuka vizuri: "Huko unakokwenda, usituaibishe. Usiwe mtu wa kulia-lia kwenye milango ya watu. Ukipata, shukuru. Ukikosa, vumilia. Ukitupigia simu, tuambie uko mzima, nasi tutalala." Watu wakasema amina. Kanana akasema amina. Kwa dakika chache zile, mafunzo yote ya Madam yalizikwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kaburi.

Alipofika Amerika, Kanana alikuwa akitupigia kwenye simu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Mitunguu, Jumapili baada ya kanisa. Nikueleze ilivyokuwa. Ukoo mzima ulijipanga kati ya misumari na mabati. Mwenye duka alikaa kwenye stuli yake akisikiliza kila neno, na hakuficha. Simu ililia, mama akaishika kwa mikono miwili, akapiga kelele ili sauti ifike Amerika.

"Kanana! Uko sawa?"

"Niko sawa, mama! Na nyinyi?"

"Sisi wote wazima! Ongea na baba mdogo!"

Baba mdogo, yaani ndugu yake baba, naye alipokea. "Uko sawa? Masomo ni sawa? Sawa! Ongea na Mwalimu!" Simu ikazunguka hivyo mpaka ikakatika, na watu wakatoka dukani wakitabasamu.

Niliporudi Ishiara Madam aliniuliza, "Kanana anasemaje?"

"Yuko sawa."

"Mwezi uliopita alisemaje?"

"Yuko sawa."

"Na ule wa kabla?"

Nikaudhika. "Madam, kama kuna kitu unajua kuhusu mdogo wangu, kiseme."

"Sijui kitu. Ndiyo maana nauliza. Wengine wote wananiandikia wakilalamika. Muriuki analalamika hadi juu ya sabuni. Dada yako peke yake ndiye hana shida Amerika nzima." Akatazama mbali. "Huu ndio wakati wanafunzi huanza kuacha masomo kimya kimya. Mwulize kama anakwenda madarasa yote."

Nilimpelekea mama maneno hayo, na huko yaligeuka. Amejuaje? Anaandikiana na nani huko? Baba mdogo, ambaye tayari alikuwa na maoni yake kuhusu mapazia, alisema mtu haoni shida ya mtu mwingine kutoka mbali hivyo isipokuwa ameileta yeye. Wiki ile ile mama na baba mdogo wakateremka Ishiara.

Madam aliwapokea mlangoni. Mama ni Mmeru, Madam ni Mmbeere, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, kila mmoja akikitafuta.

"Wewe ndiye Madam?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Mtoto yangu ulimfunga nini humu ndani? Alitoka hapa akawa mwingine. Sasa unasema ako na shida. Shida gani? Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Unaona?" baba mdogo akasema. "Hakuna aliyemwambia! Anajua tu!"

Madam alimuuliza kama atakunywa chai. Baba mdogo akasema ameshiba, kwa sauti kubwa, ili hata mapazia yasikie. Madam akamgeukia mama. Mama alisita. Kisha akaketi kwa nguvu, akasema, "Mimi lete. Nimetoka Mitunguu na asubuhi, siwezi kugombana na koo kavu."

Nadhani ni pale Madam alipoanza kumpenda mama. Alimmiminia, akangoja anywe, kisha akauliza, "Mama, Kanana akiwapigia, nyinyi mnamwambia nini?"

"Tunamwambia tuko sawa."

"Na baba yake yuko wapi leo?"

Mama akainamia kikombe, mimi nikatazama sakafu. Baba alikuwa ameanguka shambani mvua zilipoanza, akalazwa, na tangu arudi nyumbani mguu mmoja ulikuwa unaburuta. Kanana hakuambiwa. Madam pia hakuambiwa, mimi sikuwa nimemwambia mtu pale Ishiara.

"Nani alikwambia habari ya mzee?" mama akauliza polepole. Wote watatu tulimtazama Madam kama tumemshika.

"Hakuna. Lakini mzee mwenye binti Amerika hamtumi ndugu yake kuja kugombana na mimi. Angekuja mwenyewe." Akaweka thamosi chini. "Nyinyi mnamficha yeye, yeye anawaficha nyinyi, na wote mnalala vizuri. Mama, mimi nilimfundisha mwanao kubisha. Hawezi kubisha. Wewe ulimkataza, na wewe ndiye mkubwa kuliko mimi. Ni wewe tu unaweza kumfungulia."

Baba mdogo alianza kusema jambo. Mama alimnyamazisha kwa kiganja, bila kugeuka.

Jumapili iliyofuata, Madam alikuja Mitunguu, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Aliwatoa watu wote dukani, shangazi, binamu, mchungaji. Mwenye duka aligoma. "Hii ni duka yangu!" Madam akamwambia, "Basi uza misumari nje." Sijui kwa nini alitii. Mimi nilibaki kumsaidia mama na simu, na Madam alisimama nje, mgongo mlangoni, kama askari.

Simu ikalia. Mama safari hii hakupiga kelele.

"Mama? Mko sawa?" Sauti ya Kanana ilisikika mpaka nilipokuwa.

"Hapana," mama akasema. "Baba yako alianguka. Alilazwa hospitali, tukakuficha. Sasa yuko nyumbani lakini hatembei vizuri. Mchana nacheka na watu, lakini naogopa. Hiyo ndiyo shida yangu, Kanana. Sasa niambie yako."

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Niliinua mkono nimwambie mama aseme kitu, na Madam, ambaye sikujua kama ananiona, aligeuza shingo akatikisa kichwa pale mlangoni. Mama akangoja.

Kisha tukasikia kilio.

Ilikuwa kemia, somo lake mwenyewe. Mwalimu wake wa huko alifundisha mbio, kwa lafudhi ambayo Kanana hakuifuata, na tangu wiki za mwanzo alikuwa amepotea. Aliona haya kusema. Akaamua kuliacha kimya kimya ili aokoe mengine, na Jumatatu alikuwa anapeleka karatasi ya kuliacha. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni alikuwa amemuuliza mara kadhaa kama kila kitu kiko salama. Kila mara alitabasamu na kusema ndiyo.

Hapo mama alininyooshea simu, nami nikaitoa mlangoni mpaka waya ulipokaza, nikampa Madam. Lazima nikueleze hatari iliyokuwepo, kwa maana sisi hatukuijua. Mwanafunzi wa kigeni anakaa Amerika kwa ruhusa ya kusoma masomo kamili. Akipunguza somo akashuka chini ya kiwango, bila mshauri wa ile ofisi kukubali kwanza na kuandika, ruhusa inakatika. Hakuna anayemwita kumwonya. Anagundua siku mlango umeshafungwa. Lakini akitangulia kwa mshauri, kuna njia, hasa kwa mgeni wa mwaka wa kwanza aliyeshindwa na lugha.

Madam alizungumza naye kwa ukali wa dada mkubwa. "Hiyo karatasi usiipeleke. Umenisikia? Kesho asubuhi nenda ofisini kabla ya mahali pengine popote. Bisha. Utasema nini?"

Sikusikia jibu.

"Kwa sauti. Tena. Usiongeze asante, usiongeze samahani. Tena." Halafu akamrudishia mama simu, akarudi mlangoni, akatazama barabara.

Kanana alibisha. Mshauri alimruhusu kuliacha somo lile na ruhusa yake ikabaki nzima, akamtafutia na mtu wa kumfundisha pembeni. Muhula uliofuata aliirudia kemia akaifaulu. Mama alituma mkungu wa ndizi Ishiara. Madam aliukagua kila upande kabla ya kuupokea.

Ungedhani shaka zangu ziliisha hapo. Hazikuisha. Alihama ploti ile bila kuaga, na mimi nikahamishiwa shule ya Meru. Watu waliuliza tena maswali yale yale.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, Kangeta, mchana, soko la miraa likiwa limechacha. Wanaume walikuwa wanafunga mafungu kwa majani ya mgomba huku wakigombana bei. Alikuwa amesimama katikati yao, amekonda, mkoba umebanwa kwapani kana kwamba soko zima lilikuja kwa ajili yake.

"Madam!"

Alinitazama muda kabla ya kukubali kuwa ni mimi. "Mwalimu. Unafanya nini huku?"

"Nilitaka kukuuliza wewe hivyo."

"Nina mtu wa kumwona," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa habari hiyo. "Kanana?"

"Anakaribia kumaliza."

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Na anaongeaje siku hizi?"

Nikamwambia ukweli. Kanana siku hizi analalamika tangu simu inaposhikwa mpaka inapokatika. Mwenzake wa chumbani anakoroma. Mkate wao una sukari. Profesa mmoja ana dharau. Goti linamuuma kwa baridi. Baba naye anamjibu habari za mguu wake, wanashindana. "Mama amechoka," nikasema. "Anasema mtoto ameharibika kabisa, hana uvumilivu hata wa kunusa."

Madam alicheka mpaka akashika mkoba usianguke. Mwanaume mmoja mwenye kitita cha miraa begani aliomba apishwe, naye akampisha akiwa bado anacheka. Kisha akakauka ghafla, akanikaribia. "Na nyinyi? Bado mnamwambia ya nyumbani? Au mmeanza tena kumficha?"

Nilifikiri kidogo. Ng'ombe alikuwa amekufa mwezi ule, na tulikuwa tumekubaliana tusimwambie mpaka mitihani iishe.

Nadhani aliona usoni mwangu. "Mwambie," akasema. "Jumapili hii." Akageuka, akapotea kati ya watu na majani ya migomba, na sijamwona tena.

Nilimwambia Kanana. Alilia kidogo juu ya ng'ombe yule, halafu akanieleza jambo aliloambiwa na daktari kuhusu lile goti, ambalo hakuwa amemtajia mtu.

Basi, kama nawe una mtoto aliye mbali, fanya hivi. Tafuta simu mahali pasipo na watu. Usianze kwa kumuuliza hali. Mwambie kwanza jambo moja gumu la nyumbani, lilivyo, bila kulipunguza. Kisha nyamaza, na usiseme neno mpaka yeye aseme.